Je, Wajua? Mtoboa mkoko hali mti

Katika mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki huishi kiumbe wa jamaa ya kaa na kamba, mwenye urefu wa takriban sentimita 1 tu. Wataalamu humwita Sphaeroma terebrans. Hutoboa mizizi ya mkoko inayoning'inia, na kwa hilo amehukumiwa kuwa mharibifu. Hukumu hiyo ina haraka. Mti wenyewe hali: tundu ni makazi, naye akiwa humo hupepea maji kwa miguu na kuchuja chembe za chakula. Mtu atasema mzizi uliotobolewa hukatika vilevile, awe ameula au hakuula. Na kweli, mwaka 1973 watafiti wa Florida walimwona balaa kwa misitu yao. Lakini mwaka 1978 Daniel Simberloff na wenzake walijibu katika jarida la Science kwamba ncha ikiharibiwa, mzizi huchipua matawi, hivyo mti huenda ukapata miguu mingi zaidi ya kusimamia topeni. Huenda, nasema, kwa kuwa mzizi ukishambuliwa mno hauna nafasi ya kuchipua. Hata hivyo mashambulizi makali huwa ukingoni, kunakofikiwa na maji kwa muda mrefu, ilhali mikoko ya upande wa nchi kavu haiguswi sana.