Kaleso na Namikonga: muhogo mmoja, majina mawili

Mkulima wa pwani ya Kenya anayepanda muhogo uitwao Kaleso na mwenzake wa kusini mwa Tanzania anayepanda Namikonga wanapanda mmea uleule. Hawajuani, na yamkini hakuna kati yao aliyewahi kulisikia jina la muhogo wa mwenzake. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya aina hizo mbili walikuta ni kitu kimoja. Asili yake inaelekea kuwa mmea uliozalishwa na kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, zaidi ya miaka 70 iliyopita. Kituoni haukuwa na jina, ulikuwa na namba tu: 46106/27.

Nataka kuifuata namba hiyo, maana safari yake inaeleza kwa nini haki ya mkulima ya kutunza mbegu, kuipanda tena na kumpa mwenzake ni jambo la sayansi kama lilivyo jambo la sheria.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta huku katika karne ya 16. Ulipofika ulikumbana na virusi vya hapa, ambavyo kwao haukuwahi kuvijua. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Warburg, aliandika habari za muhogo wa Usambara uliojikunja majani. Huo ndio ugonjwa ambao wakulima wa Tanzania wanauita batobato: jani linapata mabaka ya njano, linapinda na kudumaa, na mizizi inakuwa midogo. Unaenezwa na nzi weupe, wadudu wadogo mno wanaokaa chini ya jani. Unaenezwa pia na mkulima mwenyewe, akikata vipando kwenye shina linaloumwa.

Katikati ya miaka ya 1930, watafiti Storey na Nichols walianza pale Amani kutafuta muhogo unaoweza kuukinza ugonjwa huo. Walikusanya aina nyingi, lakini kinga waliyoipata haikutosha. Basi wakageukia ndugu wa muhogo aliyekuwa karibu nao: mti wa mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya mashamba yao ya mpira. Huu nao ni wa ukoo wa muhogo. Mizizi yake si ya kuliwa, ila batobato haiuwezi. Wakauchavusha na muhogo, wakapata machotara wenye kinga ambao hawakufaa kwa chakula. Machotara hao wakachavushwa tena na muhogo, na watoto wao tena, hadi kizazi cha tatu, ndipo ikapatikana mimea yenye mizizi ya kuliwa iliyobaki na kinga ya yule ndugu wa porini. Ni kazi ya miaka na miaka, na iliendelea hadi miaka ya 1950.

Matunda ya kazi hiyo yalitoka Amani kwa njia mbili.

Njia ya kwanza imeandikwa vitabuni. Mbegu zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na mmea mmoja uliochaguliwa kutoka humo, wenye namba 58308, ukawa mzazi wa aina nyingi zilizozalishwa Ibadan katika miaka ya 1970. Mmoja wa wazao wake, TMS 30572, ulifika Uganda, ambako unajulikana kama Migyera. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Uganda ilivamiwa na batobato kali kuliko ile ya zamani, iliyoletwa na kirusi kipya kilichozaliwa baada ya vipande vya virusi viwili kuungana. Mashamba yaliangamia, wilaya kadhaa zikaacha kabisa kulima muhogo, na njaa ikaua watu. Migyera ni miongoni mwa aina zilizourudisha muhogo mashambani.

Njia ya pili ndiyo iliyomfikisha 46106/27 kwa wakulima. Vipando vya muhogo vikishatua kwenye shamba la kwanza husafiri kama vilivyosafiri siku zote. Jirani anaomba pingili chache, binti anaolewa na kubeba mzigo wa vipando kwenda kwa mumewe, mgeni anaonja muhogo mtamu na hataki kuondoka mikono mitupu. Huko uendako mmea unapewa jina la huko. Ndivyo mmea mmoja ulivyokuja kuitwa Kaleso upande mmoja na Namikonga upande mwingine.

Lakini kwa nini wakulima waliung'ang'ania? Jibu liko katika ugonjwa wa pili, ambao Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936: michirizi ya kahawia. Huu ni mbaya kwa namna yake. Batobato unaiona kwenye jani tangu mmea ukiwa mdogo. Michirizi inaweza kuliacha shamba likiwa la kijani na la kupendeza, mpaka siku ya kuvuna. Mkulima anang'oa, anakata, na ndani anakuta madoa makavu ya kahawia yaliyooza. Muhogo wa mwaka mzima hauliki wala hauuziki. Kwa miongo mingi ugonjwa huu ulikaa zaidi kwenye nyanda za chini za pwani, kwa hiyo wakulima wa pwani ndio waliokuwa wakiupima muhogo wao kila msimu, kwa kisu na kwa sufuria. Aina iliyooza iliachwa, na aina iliyobaki nyeupe ndani ilikatwa vipando. Hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo, na kwa hakika ni kazi ya uteuzi sawa na ile ya mtafiti kituoni. Tofauti ni kwamba iliendelea miaka mingi kuliko mradi wowote wa utafiti, na wengi waliokuwa wakiifanya ni wanawake, kwa kuwa katika sehemu nyingi wao ndio wanaochagua vipando.

Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilipanda nyanda za juu za Uganda na kuenea ukanda wa Ziwa Victoria. Wanasayansi waliotafuta kinga ya ugonjwa huo walirudi pwani, kwenye mashamba. Namikonga ilichavushwa na Albert, aina nyingine ya wakulima inayoathirika upesi, na watoto wao wakapandwa Naliendele, Mtwara, na Chambezi, Bagamoyo, ili ijulikane ni sehemu zipi za vinasaba zinazobeba kinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na ripoti yenyewe inazitaja Namikonga na Albert kuwa ni aina za wakulima. Imesema kweli. Kituo cha Amani kilizalisha, lakini waliouhifadhi mmea ukawa hai mpaka siku ulipohitajika ni watu wa pwani.

Husemwa kwamba kazi ya kuhifadhi ifanywe na benki za mbegu. Ninaziheshimu benki hizo. Ile ya Svalbard, Norway, iliyochimbwa ndani ya mlima wenye ardhi iliyoganda na kufunguliwa mwaka 2008, ina sampuli zaidi ya milioni 1 kutoka duniani kote. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa na benki yao Aleppo, Syria, waliomba warudishiwe mbegu walizoziweka huko, kwa sababu vita viliwafungia njia ya kuifikia benki yao. Lakini pingili za muhogo haziwekwi kwenye pakiti na kugandishwa. Muhogo hutunzwa kwenye vitalu, au vipande vyake vidogo hukuzwa katika mirija ya maabara, kazi yenye gharama isiyokoma. Na hata mbegu inayokubali baridi huwa imesimama pale ilipofika siku ilipohifadhiwa. Virusi havisimami. Shamba nalo halisimami: katika mashamba ya muhogo ya Amazonia, na ya Afrika pia, miche hujiotea kutokana na mbegu zilizodondoka, na mkulima akivutiwa na mmoja huuacha ukue, akauonja, akaukatia vipando. Aina mpya huzaliwa hivyo, bila maabara.

Sasa tuje kwenye sheria. Mkataba wa UPOV, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015, unamlinda mzalishaji wa aina mpya ya mmea. Ili ilindwe, aina hiyo sharti iwe mpya, itofautike na nyingine, mimea yake ifanane na isibadilike kizazi hadi kizazi. Ulinzi wake hudumu miaka isiyopungua 20, na miti na mizabibu miaka 25. Mzalishaji anastahili kulipwa. Sina ugomvi na hilo. Ninachokipinga ni kufanya kufanana huko kuwa kipimo cha mbegu kustahili kutambuliwa. Mwaka 1970 Marekani ilipoteza karibu asilimia 15 ya mahindi yake kwa ukungu wa majani, kwa sababu sehemu kubwa mno ya mahindi ya nchi nzima ilibeba sifa moja ya urithi wa upande wa mama, na ukungu ule uliijua vizuri. Mbegu ya mkulima wa kawaida haifanani, na ndiyo salama yake. Kwa vipimo vile, hiyo hiyo inakuwa sababu ya kuikataa.

Sheria ya mbegu ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilikwenda mbali zaidi. Mtu aliyeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi miaka 2. Na hayo katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010, ibara ya 11, inaliagiza Bunge kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliwapa haki: vifungu vilivyowazuia kutunza, kubadilishana na kuuza mbegu zao za asili vilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba.

Ipo hoja nzito upande wa pili, na muhogo ndio unaoipa nguvu. Pingili aliyopewa jirani kwa wema inaweza kubeba batobato na michirizi ya kahawia pamoja. Vilevile mbegu feki madukani zimewatia hasara wakulima wengi, na serikali ina wajibu wa kukagua. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2016 kutoka nchi 5 za Afrika na Haiti ulionyesha kuwa takriban asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo hutoka nje ya mfumo rasmi: akibani mwao, kwa majirani, na zaidi ya yote kwenye masoko ya karibu. Ukiifanya njia hiyo kuwa kosa la jinai umewafanya wahalifu karibu wote wanaotulisha, na ugonjwa hutakuwa umeuzuia. Tanzania ina njia ya katikati, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora: wakulima wanafundishwa, wanazalisha mbegu, zinakaguliwa kwa masharti mepesi kuliko ya makampuni, na kuuzwa karibu na zinakozalishwa. Kwa muhogo njia hiyo inafaa sana, kwani kijiji kinahitaji vipando safi kutoka kwa mtu kinayemfahamu. Anayestahili mkono wa sheria ni yule anayetia rangi nafaka za kula na kuziuza kama mbegu bora, si bibi anayempa jirani kunde alizozihifadhi kibuyuni pamoja na majivu.

Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea, uliopitishwa Roma mwaka 2001 chini ya FAO, unazitaja haki za wakulima katika kifungu cha 9, na muhogo umo katika orodha ya mazao yake. Kifungu hicho kinazungumzia kutunza na kubadilishana mbegu, kisha kinaongeza mambo matatu: kulinda maarifa ya wakulima, kuwagawia faida, na kuwashirikisha katika maamuzi. Hilo la mwisho ndilo ningependa lianze, na lianze kwenye kamati zinazoidhinisha aina mpya za muhogo. Waliomtunza 46106/27 wana ushahidi wa kuzipa kamati hizo ambao haumo katika majedwali ya mavuno: muhogo upi unabaki mweupe mwaka wa pili ardhini, upi unaiva upesi na upi unasagika unga mzuri. Wapewe viti, na watakapochangia, majina wanayoyaita mihogo yao yaandikwe kwenye daftari la aina pamoja na namba za kituo.