Kuzuia Mafuta Yanayovuja Nyuma ya Trekta

Katika sehemu zinazolimwa mahindi na ngano, kama Trans Nzoia, Uasin Gishu na Narok, ziko trekta nyingi za zamani ambazo bado zinafanya kazi kila msimu. Massey Ferguson 135 na Ford 5000, ambazo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1960, zingali zikilima na kuvuta trela, na injini zake ni imara. Lakini mtu akizitazama kwa nyuma ataona ya kwamba nyingi zina alama moja: weusi wa mafuta yaliyoshikana na vumbi, kuanzia kwenye viungo vya paipu za haidroliki mpaka kwenye chuma cha kufungia trela. Wenyewe wamekwisha zoea, nao husema ni uzee tu.

Hasara yake si ndogo kama inavyodhaniwa. Matone 20 ya mafuta hufanya karibu mililita moja. Basi trekta inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita mbili katika kazi ya saa kumi. Tena ikumbukwe ya kwamba katika Massey Ferguson 135 mafuta ya haidroliki ndiyo yayo hayo yanayolainisha gia. Yakipungua, hayapungui kwa ajili ya kuinua jembe peke yake, bali gia nazo hukaukiwa. Na penye tundu la kutokea mafuta, maji na mchanga navyo hupata njia ya kuingia wakati paipu inapochomolewa na kuchomekwa. Mafuta yaliyogeuka rangi kama maziwa ni dalili ya kwamba maji yamekwisha ingia.

Kiungo hicho, ambacho mafundi hukiita kapla, kina sehemu mbili. Kapla jike imefungwa kwenye trekta, na kapla dume iko kwenye ncha ya paipu ya trela au ya haro. Ndani ya kila moja mna kizibo kidogo kinachosukumwa na springi. Katika nyingine kizibo hicho ni gololi. Zinapokuwa mbalimbali, springi hufunga njia. Zinapounganishwa, vizibo husukumana, njia hufunguka na mafuta hupita. Kinachozuia mafuta yasitoke pembeni ni mpira wa duara ulio ndani ya kapla jike, yaani oringi. Mara nyingi oringi hiyo huwekwa pamoja na pete nyembamba ya plastiki ngumu, ili msukumo usiutoe mpira katika mfereji wake.

Kabla ya kugusa kitu, ni lazima kujua nguvu iliyomo. Magurudumu ya motokaa ndogo hujazwa upepo wa ratili 30 hivi kwa kila inchi ya mraba; mafuta ya haidroliki ya trekta huweza kufika ratili 2,000 na zaidi. Mafuta yanayochuruzika kwenye tundu dogo kama la sindano kwa nguvu hiyo hupenya ngozi ya mtu. Jeraha lake hudanganya. Huonekana kama mchomo wa mwiba, pengine bila maumivu makubwa kwanza, na huku mafuta yanaharibu nyama ya kidole kwa ndani. Aliyepatwa na jambo hilo hapaswi kungoja mpaka kesho aone kama litavimba. Aende hospitali saa ile ile na amwambie daktari wazi ya kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa msukumo. Wako watu waliokatwa vidole kwa sababu ya kungoja. Kwa hiyo uvujaji hautafutwi kwa mkono. Hutafutwa kwa kipande cha karatasi ngumu ya boksi, kinachopitishwa karibu na kiungo, na mafuta hujichora juu yake.

Trekta isimamishwe mahali tambarare, breki ifungwe, na kila kitu kilichoinuliwa kishushwe mpaka chini. Injini ikiisha zimwa, liva za haidroliki zisukumwe mbele na nyuma mara kadhaa ili msukumo uliobaki kwenye paipu uishe. Wala mtu asifanye kazi chini ya trela iliyoinuliwa kwa mafuta peke yake, hata kwa dakika moja. Ikiwa haina budi kuinuliwa, itegemezwe kwa nguzo ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kisha kazi ya kwanza ni kusafisha. Uchafu wote uondolewe kwa mafuta ya taa na brashi, mpaka chuma kionekane, kikauke. Mafundi wengi huiruka kazi hii, nao hufungua kapla isiyo na kosa. Mafuta hutambaa, yanaweza kutoka kwenye vali iliyo juu yakateremka mpaka kwenye kapla, na kapla ikalaumiwa. Baada ya kusafisha, injini iwashwe na trekta itazamwe kwanza bila paipu, halafu na paipu ikiwa imechomekwa, mtu akisimama kando.

Kama mafuta yanatoka katikati ya kapla jike wakati hamna paipu, kosa liko kwenye kizibo cha ndani. Huenda ni punje ya mchanga tu iliyokizuia kisikae mahali pake. Injini ikiwa imezimwa na msukumo umekwisha, kizibo kisukumwe ndani kwa kijiti cha mti kisicho na ncha, mara mbili tatu, na mafuta kidogo yatakayotoka yatauosha uchafu huo. Ikiwa bado kinavuja, basi kizibo au kikalio chake kimelika, na ni afadhali kununua kapla mpya kuliko kuhangaika na springi kuukuu.

Kama mafuta hutoka paipu ikiwa imechomekwa tu, kosa ni la oringi. Hii ndiyo hali iliyo ya kawaida zaidi, na mwenye trekta aweza kuitengeneza mwenyewe bila kuifungua kapla. Oringi ya zamani hutolewa kwa ndoano ndogo ya shaba au ya mti mgumu. Msumari haufai, kwa maana mkwaruzo mmoja kwenye mfereji hutosha kupitisha mafuta hata oringi ikiwa mpya. Kabla ya kutoa chochote, atazame pete ya plastiki imekaa upande gani. Desturi ni kwamba hukaa upande ambao mafuta yanataka kutokea, yaani upande wa mdomo wa kapla, nao mpira hukaa upande wa ndani. Ikigeuzwa, mpira utaliwa upesi.

Oringi ya kununua isipimwe kwa ile ya zamani peke yake, kwa sababu mpira uliokaa miaka mingi hubanwa ukawa bapa na mwembamba. Yafaa duka la vipuri liambiwe aina ya trekta na kipimo cha kapla, na mpira wenyewe uwe ni ule usioharibiwa na mafuta. Oringi ya bomba la maji huweza kuvimba na kuharibika kwenye mafuta. Oringi mpya ipakwe mafuta safi ya haidroliki, ikunjwe kidogo kama umbo la figo, iingizwe, halafu isukumwe kwa kidole mpaka ikae mferejini pande zote bila kupindika.

Wengine hubadili oringi, na baada ya juma moja wakabadili tena, wakasema vipuri vya siku hizi ni vibaya. Mara nyingi mwenye kosa ni kapla dume. Paipu ya trela huachwa chini kwenye matope na jua. Jua hupasha mafuta yaliyomo, nayo hutanuka na kukaza kizibo, hata paipu ikakataa kuingia. Hapo dereva huchukua nyundo. Kila pigo la nyundo huacha meno kwenye ncha ya dume, na meno hayo hukata oringi mpya kama msumeno. Dume lipapaswe kwa ukucha, msukumo ukiwa umekwisha: kutu nyepesi huweza kuondolewa kwa msasa laini sana na mafuta, lakini penye shimo au kovu dume libadilishwe. Na paipu iliyokataa kuingia itulizwe kwa kuipeleka kivulini ipoe, wala si kwa nyundo.

Iko namna ya tatu, ambayo ni mafuta kutoka nyuma ya kapla, kwenye nyuzi zinazoifunga kwenye trekta. Hapo spana mbili zitumike, moja ikishika vali isizunguke na nyingine ikizungusha kapla, la sivyo bomba la chuma litajipinda na kupasuka. Nyuzi zenyewe si za namna moja. Zile zinazokuwa nyembamba kuelekea nchani huzungushiwa tepi nyeupe ya mafundi wa bomba, mzunguko mmoja ukiachwa wazi mwanzoni ili vipande vya tepi visiingie katika mafuta. Zile zilizo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho huzuiwa na oringi au na washa iliyo shingoni. Hizo hazitaki tepi. Kuzilazimisha zikutane kwa sababu zinakaribiana kwa upana ni kuharibu vali, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya kapla nyingi.

Anayenunua kapla mpya apeleke dukani ile ya zamani. Trekta za siku hizi nyingi hutumia kipimo kimoja cha kimataifa cha nusu inchi, lakini trekta nyingi za zamani za John Deere na International zilikuwa na kapla za namna yake, na dume la namna moja halishiki vema katika jike la namna nyingine. Mwenye trela mbili au tatu hana budi kubadili madume yote siku moja.

Kazi ikiisha, mafuta yaongezwe mpaka alama ya kijiti cha kupimia, yakiwa ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha trekta. Injini iachwe izunguke polepole, trela tupu iinuliwe na kushushwa mara nne au tano ili upepo utoke, kisha karatasi ya boksi ipitishwe tena. Vifuniko vya plastiki virudishwe kwenye kapla kila paipu ichomolewapo. Kama vimepotea, mfuko safi na kipande cha mpira wa baiskeli hutosha mpaka vingine vipatikane. Asubuhi ya pili, kabla ya trekta kuondoka, chini ya kapla patazamwe kama pana tone.