UZI: Wastaafu wa Ulaya wakihamia Ndia Kuu, ni nini hasa kinachouzwa?

1/ Kila msimu wa kampeni utasikia tu: "Mji wa Kale unauzwa kwa wazungu!" Upande wa pili nao: "Wageni ni pesa, waacheni." Mimi ni mkaazi wa Ndia Kuu na jambo hili liko mezani kwetu nyumbani sasa hivi. Nisomeni mpaka mwisho, kisha ndio mnitukane.

2/ Ghorofa ya juu ya nyumba yetu wanakaa mume na mke, wastaafu kutoka Ulaya, mwaka wa tatu huu. Wameleta ombi: tuwakodishe kwa miaka 99, wao watengeneze paa na kuta. Nyumba ni ya mirathi, ndugu tuko sita, na boriti mbili zimeoza. Tusikimbilie hasira, tuangalie sheria kwanza.

3/ Dai la kwanza: "Mgeni ananunua ardhi milele." Hapana. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 yasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodisha, na isizidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa raia ikiwa tu wenyewe WOTE ni raia.

4/ Sio Kenya peke yake. Mexico, wanakohamia wastaafu wengi wa Marekani, katiba yao inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani. Hupitia benki inayomshikia nyumba kwa amana ya miaka 50, na inaweza kuongezwa. Nchi kulinda pwani yake sio chuki.

5/ Dai la pili: "Wanachukua kazi zetu." Mstaafu kwa kawaida huomba kibali cha daraja la K. Kanuni za 2012 zilitaka awe na miaka 35 au zaidi, awe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na aahidi kutofanya kazi ya kulipwa. Kazi yako haitaki huyo.

6/ Lakini hapo hapo ndipo penye ukweli wa wanaolalamika. Dola 24,000 kwa mwaka ni 2,000 kwa mwezi. Mwenye duka la kahawa mtaani atashindana vipi na huyo kwenye kodi? Anayekwambia kodi haipandi wageni wakizidi, hakai hapa.

7/ Dai la tatu, ambalo wanasiasa hawaligusi: kwa nini nyumba zinatolewa? Nyumba za wakfu haziuzwi, hilo lajulikana. Za urithi ndizo zenye shida. Warithi wengi, wengine wako Ughaibuni, na ukarabati wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko ni ghali. Tena hili ni eneo la hifadhi, hujibadilishii sura ya nyumba bila idhini. Mgeni haji kutufukuza. Anakuta tushachoka.

8/ Na ujirani je? Ramadhani yao ya kwanza, mamangu aliwapelekea sahani ya futari. Sahani ikarudi imeoshwa, tupu. Mama hakusema kitu. Jirani mmoja akamweleza yule bibi kwamba kwetu sahani hairudi tupu. Siku ya pili ikarudi na maembe. Leo jirani akifiwa, yule mzee yuko kwenye mkeka na wenziwe. Haya hayako kwenye kibali chochote. Yalitaka mtu wa kufunza na mtu wa kukubali kufunzwa.

9/ Kwa hivyo nawapenda? Ndiyo. Miaka 99 nitawapa? Hapana. Mjukuu wangu akizaliwa leo, atairudishiwa nyumba akiwa na miaka 99. Kisheria sio kuuza, lakini kwa umri wa binadamu tofauti ni ndogo.

10/ Na wao pia wana haki ya kuogopa. Mtu wa miaka 70 hawezi kuishi akingoja kila Disemba aambiwe ahame. Anachohitaji ni utulivu wa miaka ya uzee wake, nao haufiki 99. Ndio pendekezo langu kwa ndugu zangu: miaka 15, ukarabati uandikwe na ukatwe kwenye kodi, wasikodishe mtu mwingine bila sisi kukubali, na mkataba uandikishwe kwa msajili wa ardhi. Mkataba unaozidi miaka miwili usiuache kwenye droo.

11/ Sasa mgombea akija barazani kwenu, msimuulize "wageni watoke au wabaki?" Hilo ni swali rahisi kwake. Muulizeni: Warithi watapata wapi mkopo nafuu wa kukarabati? Nani atawasomea wazee mkataba kabla hawajaweka sahihi? Mpangaji wa hapa atalindwa vipi kodi ikipanda?

12/ Ijumaa baada ya swala tunakutana sote sita. Kaka yangu mkubwa anataka zile 99, manake pesa itaingia mara moja na ana watoto wawili chuoni. Simlaumu. Lakini nitamwambia boriti mbili zilizooza zisitufanye tutoe vizazi vitatu. Mwisho wa uzi. Wenye nyumba za urithi, nyinyi mlifanyaje?