FAILI LAKO, UFUNGUO WA NANI?

Viwango vya wazi vya mafaili ya ofisi, na gharama ya kuhama programu

TUCHUKUE mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo anayetafuta mkopo wa kuongeza mali dukani. Benki inamtaka alete orodha ya wadeni wake. Orodha hiyo ilitunzwa kwa miaka mingi na mhasibu wa zamani katika Excel ya kompyuta ya Macintosh. Mhasibu mpya anaifungua, ananakili mistari yote, anaibandika katika faili jipya la Excel kwenye kompyuta ya Windows, kisha anaipeleka benki bila kuikagua.

Deni lililotakiwa kulipwa tarehe 30 Juni 2024 sasa linasomeka 29 Juni 2020. Kila tarehe katika orodha imerudi nyuma miaka minne na siku moja. Kwa macho ya ofisa mikopo hayo si madeni ya kukusanywa tena, ni hasara. Ombi linakataliwa.

Hakuna aliyeiba wala aliyegusa tarakimu. Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiandika sisi, bali huhifadhi idadi ya siku zilizopita tangu siku fulani ya kuanzia. Katika Windows hesabu hiyo huanzia mwaka 1900. Katika matoleo ya zamani ya Macintosh ilianzia mwaka 1904. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni siku 1,462. Namba ikihama bila kanuni yake, tarehe inaharibika.

Wafanyabiashara wengi hununua kompyuta kwa kuangalia bei, ukubwa wa diski na kasi. Ni wachache wanaouliza kumbukumbu zao zitatunzwa kwa muundo gani, na nani mwingine anaweza kuusoma. Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini swali hilo ni la fedha, na si la mafundi peke yao.

Mtunza ghala na mpangilio wake

Muundo wa faili ni kanuni ya kupanga habari ndani ya faili: maneno yakae wapi, herufi nzito ziwekwe alama gani, jumla ya safu ikokotolewe vipi. Ni kama mpangilio wa ghala. Mtunza ghala akiwa na daftari linalosomeka na kila mtu, akiondoka leo, mwingine anaingia kesho na kazi inaendelea. Lakini akiwa ameweka mpangilio wote kichwani mwake, humwachishi kazi kirahisi. Akidai nyongeza ya mshahara, utampa. Mali ni yako, ila ufunguo anao yeye.

Programu za ofisi zilianza hivyo. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, WordStar, WordPerfect na Lotus 1-2-3 zilikuwa na miundo yake, kila moja kivyake. Baadaye Microsoft ilishika soko kwa Word na Excel, na miundo ya .doc na .xls ikawa ndiyo lugha ya ofisi karibu kote duniani. Maelezo kamili ya miundo hiyo yalikuwa ya kampuni. Ni Februari 2008 tu ndipo Microsoft ilipoyaweka hadharani kwa kila mtu kuyatumia bila malipo.

Nguvu ya mpango huo ilionekana pale Word 97 ilipotoka. Mafaili yake hayakufunguka katika Word 95 bila kuongeza programu ya kugeuza. Ofisi moja ikinunua toleo jipya na kuwatumia wenzake barua, wenzake nao walisukumwa kununua, hata kama kompyuta zao zilikuwa bado zinafanya kazi vizuri. Hali hiyo ilijirudia mwaka 2007 ulipoingia muundo wa .docx.

Wachumi huita hali hii gharama ya kuhama. Bei ya programu ni sehemu tu ya gharama. Kuna kugeuza mafaili ya miaka kumi, kufundisha wafanyakazi upya, na hatari ya kupoteza kumbukumbu njiani. Gharama hizo zikizidi faida ya kuhama, mteja anabaki alipo, hata kama hajaridhika.

Viwango viwili badala ya kimoja

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua faida ya kiwango. Nondo ya milimita 12 ni milimita 12, itoke kiwanda hiki au kile. Bomba la nusu inchi hukubali koki ya nusu inchi. Kwa sababu hiyo viwanda hushindana kwa bei na ubora, na mnunuzi hubaki na uhuru wa kuchagua.

Jitihada za kuleta utaratibu huo katika mafaili ya ofisi zilipata mtaji kutoka Ujerumani. Kampuni ya Star Division ilikuwa na programu ya ofisi iitwayo StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua, na mwaka 2000 ikaweka wazi msimbo wake chini ya jina la OpenOffice.org. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa muundo wa OpenDocument, ambao mafaili yake huishia na .odt kwa barua na .ods kwa hesabu. Shirika la OASIS liliupitisha Mei 2005. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, nalo likauthibitisha.

Microsoft haikukaa kimya. Ilipeleka muundo wake mpya, ule wa .docx na .xlsx, katika shirika la Ecma, ambalo liliupitisha Desemba 2006. Maelezo yake yalikuwa ya kurasa zipatazo 6,000. Ulipopelekwa ISO kwa njia ya haraka, haukupata kura za kutosha Septemba 2007. Baada ya marekebisho ulipita mwaka 2008. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, na rufaa zao zikatupwa.

Hivyo dunia ina viwango viwili vya kimataifa kwa kazi moja. Kwa mnunuzi hilo si jambo zuri sana, lakini ni nafuu kuliko hali ya zamani. Miundo yote miwili ina maelezo yaliyochapishwa, na yote miwili ni mafaili ya maandishi ya kawaida yaliyofungashwa pamoja kwa njia ya zipu. Fundi akiondoa kifungashio, anaweza kuyaona maneno yako hata bila kuwa na Word.

Mnunuzi mkubwa akizungumza

Kiwango peke yake hakisogezi soko mpaka mnunuzi mkubwa akidai. Septemba 2005 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitangaza kwamba kuanzia Januari 2007 ofisi zake za serikali zitumie OpenDocument. Hoja ilikuwa kwamba kumbukumbu za umma zisitegemee kampuni moja. Mvutano ulikuwa mkali. Watu wenye ulemavu walieleza kwamba vifaa vya kuwasaidia kutumia kompyuta vilikuwa havifanyi kazi vizuri na programu mbadala. Agosti 2007 jimbo liliongeza muundo wa Microsoft katika orodha ya inayokubalika.

Hata hivyo, ujumbe ulikuwa umefika. Mwaka 2009 Microsoft yenyewe iliiwezesha Office 2007 kufungua na kuhifadhi mafaili ya OpenDocument. Julai 2014 serikali ya Uingereza iliamua kwamba nyaraka za kuandikwa kwa pamoja ziwe katika OpenDocument, na za kusomwa tu ziwe PDF au kurasa za mtandao.

Kwetu pia uwazi huo ulileta kitu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa OpenOffice.org kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko la Kiswahili linalipa. Msimbo ulikuwa wazi, wakautafsiri.

Muundo wa kale, hasara mpya

Asiyeshawishika kwamba muundo wa faili unaweza kuleta hasara atazame yaliyotokea England mwaka 2020. Maabara zilikuwa zikituma majibu ya vipimo vya Covid kwa mafaili mepesi ya maandishi. Taasisi ya Public Health England iliyaingiza katika Excel ya muundo wa zamani wa .xls. Muundo huo una mwisho wa mistari 65,536 kwa kila karatasi. Iliyozidi iliachwa nje. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika taarifa za kila siku, na watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa.

Muundo wa .xlsx, wenye nafasi ya mistari 1,048,576, ulikuwapo tangu 2007. Hakuna aliyebadilisha, kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda. Orodha ya mauzo ya duka la jumla, mstari mmoja kwa kila risiti, haichukui miaka mingi kufika 65,536. Anayeuza risiti 100 kwa siku atafika huko kabla ya miaka miwili.

Uwazi si dawa ya kila ugonjwa

Isichukuliwe kwamba kiwango cha wazi kinamaliza matatizo yote. Faili la .docx likifunguliwa katika LibreOffice, WPS au Google Docs, maneno yatakuwapo, lakini kurasa huweza kusogea, jedwali kukatika, na aina ya herufi kubadilika kama haipo katika kompyuta hiyo. Programu ndogo zilizoandikwa ndani ya Excel ili kufanya kazi zenyewe mara nyingi hazihami. Aidha, kiwango cha Microsoft kina sura mbili: moja safi, na nyingine iliyobeba mazoea ya matoleo ya zamani. Mafaili mengi yanayozunguka maofisini ni ya sura hiyo ya pili.

Vilevile programu ya bure si bure kabisa. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, haina ada ya leseni, lakini mafunzo na muda wa kuzoea vina gharama. Ofisi ya watu watatu inaweza kuhama kwa wiki moja. Ofisi ya watu 60 yenye hesabu nzito za Excel inapaswa kupiga hesabu kwanza.

La kufanya dukani na ofisini

Kwanza, nyaraka zilizokwisha, kama ankara, mikataba na nukuu za bei, zitumwe kwa PDF. Muundo huo ulianzishwa na Adobe mwaka 1993 na ukawa kiwango cha ISO mwaka 2008. Kurasa hukaa kama zilivyoandikwa, mradi herufi zimefungwa humo humo.

Pili, mafaili ya zamani ya .doc na .xls unayoyahitaji bado yageuzwe mapema, wakati mtu anayeyajua yupo. Baada ya kugeuza, linganisha jumla, idadi ya mistari, na tarehe tano au sita kwa macho yako. Mwenye duka wetu wa Kariakoo angeokoa mkopo wake kwa dakika mbili za ukaguzi huo.

Tatu, ukihamisha orodha kwa muundo mwepesi wa CSV, ambao programu karibu zote huusoma, kumbuka kwamba unabeba data tu, wala haubebi kanuni za hesabu. Excel ikiufungua hivi hivi, namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake.

Nne, na hili ndilo kubwa: unaponunua programu ya uhasibu au ya stoo, muulize muuzaji kabla ya kulipa, "Nikiacha kutumia programu yako, nitatoka na kumbukumbu zangu zote kwa muundo gani?" Jibu liandikwe katika mkataba. Muuzaji anayeona aibu kujibu swali hilo amekwisha kulijibu.

Kwa mwekezaji mdogo

Swali hilo hilo, likigeuzwa, ni la mwenye hisa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 mapato ya Microsoft yalizidi dola bilioni 245 za Marekani, na programu za ofisi ni moja ya nguzo zake, ingawa maelezo ya miundo yake yamekuwa wazi kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba kampuni inaweza kufungua mlango na wateja wakabaki, iwapo huduma inawaridhisha na wamekwisha kuzoea.

Kwa hiyo ukitaka kuweka fedha katika kampuni ya programu, kubwa au changa, chunguza wateja wanabaki kwa sababu gani. Wanaobaki kwa kuridhika ni mtaji. Wanaobaki kwa sababu mafaili yao hayatoki wanaonekana kama mtaji katika vitabu, mpaka siku serikali au mnunuzi mkubwa atakapodai kiwango cha wazi. Siku hiyo wataondoka kwa pamoja.

Mwenye duka hawezi kungoja siku hiyo. Kesho asubuhi achukue orodha yake ya wadeni, aifungue katika kompyuta nyingine yenye programu nyingine, aone kinachotoka.