Fedha isiyodai dhamana: Mo Ibrahim kutoka uhandisi hadi uwekezaji

Mfugaji wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, akienda benki kuomba mkopo, swali la kwanza analoulizwa ni dhamana. Ng'ombe wanaweza kufa kwa ukame. Shamba mara nyingi halina hati. Msitu ambamo Wahadzabe wanarina asali na kuwinda hauwezi kupigwa mnada. Kwa kawaida mazungumzo huishia hapo.

Ipo fedha ya aina nyingine. Mwenye nayo hadai riba wala dhamana. Anachukua hisa katika biashara, na biashara ikifa naye anapoteza. Huo ni mtaji wa ubia. Faida zake na hatari zake zinaonekana vizuri katika kazi za Dk. Mohamed Ibrahim, maarufu kwa jina la Mo, mhandisi mzaliwa wa Sudan ambaye kampuni yake iliwahi kuwa mbia wa Serikali ya Tanzania katika Kampuni ya Simu (TTCL).

Kuuza ujuzi

Ibrahim alizaliwa mwaka 1946, akakulia Misri na kusomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Alexandria. Baada ya kufanya kazi katika shirika la simu la Sudan alikwenda Uingereza mwaka 1974, akaendelea na masomo hadi kupata shahada ya uzamivu Birmingham, katika fani ya mawasiliano ya simu za mkononi. Mwaka 1983 aliajiriwa na Cellnet, kampuni ya simu za mkononi iliyokuwa chini ya British Telecom, akiwa mkurugenzi wa ufundi.

Mwaka 1989 aliacha ajira na kuanzisha kampuni yake, MSI, akianzia nyumbani kwake. MSI ilikuwa ikiwachorea wenye makampuni ya simu mitandao yao, na kuwauzia programu za kompyuta za kupangia mahali pa kuweka minara. Biashara ya namna hiyo haihitaji kiwanda. Mali yake ni ujuzi wa watu, na wafanyakazi wake walipewa sehemu ya hisa. Mwaka 2000 kampuni ya Marconi iliinunua MSI kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 900.

Benki zilipokataa

Kabla ya mauzo hayo Ibrahim alikwishaona kwamba makampuni makubwa ya simu yalikuwa yakiikwepa Afrika. Leseni zilipatikana kwa bei ndogo, nyingine karibu bure, lakini wateja wake wakubwa hawakuzitaka. Mwaka 1998 alitenga shughuli za kumiliki mitandao katika kampuni ya peke yake, ambayo baadaye iliitwa Celtel.

Tatizo lilikuwa fedha. Kujenga mnara mahali pasipo umeme wala barabara kunadai jenereta, dizeli na walinzi; nchini Kongo vifaa vingine vilibebwa kwa helikopta. Benki hazikuwa tayari kukopesha kwa muda mrefu biashara ya namna hiyo. Celtel ikajengwa kwa kiasi kikubwa kwa kuuza hisa, na miongoni mwa walionunua ni taasisi za maendeleo kama CDC ya Uingereza na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika sekta binafsi.

Wenye hisa wa aina hiyo hutaka hesabu safi. Ibrahim ameeleza mara nyingi kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 yalihitaji idhini ya bodi, ili meneja anayeombwa hongo awe na jibu la kutoa.

Mwaka 2005, wakati Celtel ikijiandaa kuuza hisa katika soko la London, kampuni ya MTC ya Kuwait ilikuja na ofa iliyoithamini kwa dola bilioni 3.4. Wenye hisa wakauza. Mwaka 2006 Ibrahim alianzisha taasisi ya kuhimiza utawala bora Afrika, na baadaye akawa mwasisi wa Satya Capital, mfuko uliowekeza katika makampuni ya Afrika, ikiwamo Hygeia ya Nigeria ya huduma za afya. Mhandisi aliyekuwa akitafuta wanunuzi wa hisa akawa mnunuzi.

Upande wa Tanzania

Mwezi Februari 2001, katika zoezi la ubinafsishaji, ubia wa MSI na Detecon ya Ujerumani ulichukua asilimia 35 ya TTCL pamoja na uendeshaji, kwa makubaliano ya dola milioni 120. Nusu ililipwa. Nusu iliyobaki ikazua mgogoro, kwa kuwa pande mbili zilitofautiana juu ya hesabu za kampuni. Wakati huohuo, Novemba 2001, Celtel Tanzania ilianza huduma za simu za mkononi ikiwa kampuni tanzu ya TTCL. Mwaka 2005 zilitenganishwa: Celtel ikabaki na asilimia 60 ya kampuni ya simu za mkononi, Serikali ikachukua 40.

Kisha mbia akaanza kubadilika. MTC ilijiita Zain, na mwaka 2010 Zain iliuza mitandao yake katika nchi 15 za Afrika kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Serikali ya Tanzania ilijikuta na mbia ambaye hakuwa mezani mwaka 2001. Mwaka 2016 ilizinunua tena zile asilimia 35 za TTCL kwa Sh. bilioni 14.9, na Januari 2019 ilikubaliana na Bharti kwamba hisa zake katika Airtel Tanzania zipande kutoka asilimia 40 hadi 49.

Somo kwa Yaeda Chini

Habari hii haiko mbali na bonde la Yaeda. Tangu mwaka 2011 kampuni ya Carbon Tanzania imekuwa na mradi na Wahadzabe wa vijiji vya Domanga na Mongo wa Mono. Wanavijiji wanalinda msitu usikatwe, hewa ya ukaa iliyozuiliwa inapimwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa nje, na sehemu ya mapato inarudi kijijini. Msitu ambao benki haiutambui kama dhamana umepata mnunuzi.

Mradi huo si ununuzi wa hisa, lakini ni ubia wa kugawana mapato, na maswali ya TTCL yanauhusu, kama yanavyomhusu kila atakayekaribisha mwenye mtaji. Fungu la kila upande ni asilimia ngapi, na ya nini: ya mauzo au ya faida? Malipo yanafanyika lini, na nani anakagua hesabu zinazoyaamua? Mbia akiuza fungu lake kwa mwingine, mkataba unamlinda nani?

Mwenye benki hurudi kudai chake kwa tarehe inayojulikana. Mbia hukaa miaka mingi, naye huondoka siku anayopata bei nzuri. Mwenye mali ndiye anayebaki, na hana budi kuusoma mkataba kabla ya kuweka dole gumba.