Meli ikizama, hasara ya nani?

Mwenye magunia ya dagaa kutoka kisiwa cha Goziba, Muleba, au ndizi zinazopakiwa bandari ya Kemondo, Bukoba, huitambua mali yake kwa alama. Mgogoro ukifika mahakamani, alama peke yake haitoshi. Kesi za London za karne ya 17 zinaonyesha kwa nini.

Mwaka 1652, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, ilikamata meli Salvador, Samson na Saint George zilizobeba madini ya fedha kutoka Hispania. Wafanyabiashara wa kigeni walijitokeza kudai kuwa shehena si ya adui. Katika Mahakama ya Bahari shahidi hakuhojiwa hadharani. Aliulizwa maswali yaliyoandikwa, mgeni akisaidiwa na mkalimani, karani akinukuu majibu. Alama za mizigo zililinganishwa na hati za shehena.

Hati nazo hazikuaminika sana, maana wapo waliotoa majina yao kuficha mali ya Waholanzi. Swali lililowabana likawa la hasara: meli ingezama, ingemwangukia nani? Mchuuzi anayepakia dagaa kwa alama ya mwenzake ili apunguze nauli anaweza kuulizwa hivyo hivyo, na bila stakabadhi ya malipo hana la kujibu.