Pumzi inakatika usiku, lakini "kidogo": Je, ulale na mashine?

Ukishea bedsita na mtu, usiku hauna siri. Mimi nilijua nakoroma siku jamaa ninayeishi naye Umoja aliponirekodi kwa simu, akaniamsha saa kumi alfajiri na kuniambia, "Buda, umekufa mara tatu." Kwenye rekodi unasikia mkoromo kama jenereta ya kinyozi, halafu kimya. Kimya cha kuhesabu, mpaka sekunde kumi na tano. Kisha mshtuko, kama mtu aliyeopolewa majini, na jenereta inawaka tena.

Hiyo inaitwa apnea ya usingizi. Ukilala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inabanana au kuziba kabisa. Oksijeni inashuka, ubongo unakushtua ili uvute pumzi, na huamki vya kutosha kukumbuka asubuhi. Na usidhani ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi pekee. Hata msee mwembamba anaweza kuwa nayo, kwa sababu ya umbo la taya au tonsili kubwa.

Nilipewa kifaa cha kulala nacho nyumbani: mshipi kifuani, kamrija puani, kibanio kidoleni. Kinahesabu pumzi inabanwa au kukatika mara ngapi kwa saa, kila mara kwa angalau sekunde 10. Chini ya 5, uko sawa. Kuanzia 5 hadi 14 ni hali ya chini, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 kwenda juu ni kali. Mimi nilipata 9.

Sasa hapo ndipo shida. Ukipata 40, daktari hana maneno mengi, unaandikiwa mashine. Ukipata 9 anakuangalia na kusema, "Kijana, huu ni uamuzi wako." Mimi nilikuwa nimeenda pale niambiwe la kufanya!

Mashine yenyewe ni CPAP. Si mtungi wa oksijeni, watu huchanganya. Ni kijisanduku kinachosukuma hewa ya kawaida kupitia mpira hadi kwenye barakoa puani, na presha ya hiyo hewa inashikilia koo wazi. Ilibuniwa Australia na daktari Colin Sullivan, aliyetangaza matokeo yake 1981. Inafanya kazi vizuri, lakini haiponyi. Inakusaidia usiku ule tu umeivaa. Ukiitupa chini ya kitanda, koo linarudi kuziba kama kawaida.

Kwa hivyo ukiwa na apnea ya chini, ile nambari pekee haitakuambia uivae au usiivae. Angalia mchana wako. Kuna maswali manane yanayoitwa Epworth, yanayokuuliza unaweza kusinzia kiasi gani ukisoma, ukitazama runinga, ukiwa abiria kwenye gari, ukiongea na mtu. Alama ni 0 hadi 24, na ukipita 10 usingizi wako wa mchana umezidi. (La abiria nililionea wivu waliolitunga. Nani hasinzii kwenye mathree ya Jogoo Road jioni?)

Lakini kabla ya kulaumu koo, kuwa mkweli. Kama unalala saa tano kwa sababu ya hasola na series, hakuna mashine itakayokurudishia zile saa. Nilijilazimisha kulala saa saba kwa wiki mbili, ndipo nikajibu maswali. Nilipata 13. Hapo nikajua si uvivu, na si simu.

Utafiti wenyewe unasema nini? Matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uingereza yalitolewa 2020, na yaliwahusu watu wenye apnea ya chini kama yangu. Waliotumia CPAP kwa miezi mitatu walipata nguvu na maisha bora kuliko wale ambao hawakupewa. Hiyo ni sababu halali ya kuijaribu. Kuhusu moyo, hadithi ni tofauti. Utafiti mkubwa wa 2016, tena wa wagonjwa wenye apnea ya wastani na kali waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba mashine ilipunguza mishtuko ya moyo na kiharusi. Kweli, wengi waliivaa saa tatu na kitu tu kwa usiku. Lakini muuzaji akikutisha kwamba bila CPAP 9 yako itakuua kwa moyo, mwambie apunguze.

Kuna mengine ya kujaribu. Ripoti yangu ilionyesha pumzi hukatika zaidi nikilala chali, so nilishona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana. Ni ushamba, lakini unageuka ubavu bila kupenda. Pombe ya usiku hulegeza koo zaidi, na kama una uzito wa ziada, kuupunguza kunasaidia. Daktari wa meno pia anaweza kukutengenezea kifaa cha kusukuma taya ya chini mbele.

Na hesabu pesa yote, si bei ya mashine tu. Barakoa na vichujio hubadilishwa. Stima ikipotea, unalala bila. Ukiona ya mitumba mtandaoni kwa bei tamu, angalia modeli: Juni 2021 Philips ilirudisha mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa inaweza kumeguka na kuingia kwenye hewa unayovuta.

Nina rafiki dereva wa matatu ya usiku. Yeye alipata 11, bado ni ya chini, na alama za usingizi hazikuwa mbali na zangu. Hakufikiria hata wiki moja. Alikopa kwenye chama akanunua. "Mimi nikisinzia sekunde tatu Thika Road," aliniambia, "nimewasinzisha watu 14." Mimi nikisinzia, ninaharibu aya.

Ndio maana sikununua, nilikodi ya mwezi mmoja. Wiki ya kwanza ilikuwa ngori. Niliitoa usingizini kila usiku, pua ikakauka, na jamaa yangu akaanza kuniita rubani. Wiki ya pili fundi akanibadilishia barakoa, ile ya kwanza ilikuwa kubwa. Wiki ya tatu nililala nayo saa sita mfululizo, na saa nane mchana nikajikuta ninahariri picha bila kutafuta kahawa.

Nilijibu tena yale maswali manane, nikapata 7. Shida ni kwamba mwezi huo huo nilikuwa pia na ile fulana ya mpira. Kwa hivyo Ijumaa ninairudisha mashine, ninabaki na fulana wiki nne, kisha ninajibu tena. Ikipanda juu ya 10, ninanunua. Jamaa ameshaahidi kurekodi.